Masisi na Walikale: Udongo umelala, kodi imesamehewa, mkulima ndiye analipa

Kwenye milima ya Masisi, ua wa waya na miti unaweza kufuata barabara kwa mwendo mrefu, na ndani yake mtu asione kitu ila majani, ng'ombe wachache na mchungaji mmoja. Nje ya ua, kwenye mteremko, mashamba ya maharagwe, mahindi na viazi yamebanana mpaka ukingoni mwa barabara. Mwenye majani anakaa Goma, Kinshasa au ng'ambo. Wenye maharagwe wanakaa palepale. Mbele ya sheria ya kodi, wote wawili wanaweza kujiita jina moja: wakulima na wafugaji. Na kwa jina hilo, mwenye mamia ya hektari anaweza kusamehewa kodi ya ardhi.

Msamaha huo hauzungumzwi sana. Majadiliano juu ya udongo wa Kivu Kaskazini huanzia kwenye kabila, uraia na makundi yenye silaha. Lakini upande wa hesabu unaonyesha jambo ambalo siasa peke yake hailielezi: kwa nini mtu anunue mlima mzima, asiulime, asiuuze, na bado asipate hasara? Jibu ni kwamba kuushika hakumgharimu karibu kitu. Bei ikipanda, faida ni yake. Gharama ya kungoja wanaibeba wengine.

Sheria ya kodi inasema nini

Kodi ya ardhi nchini Kongo ina mizizi yake katika amri-sheria namba 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969, inayohusu kodi za mali: nyumba na viwanja, magari, na eneo la konsesyo za madini na mafuta. Inagusa ardhi iliyojengwa na ile isiyojengwa, na kiwango hutegemea cheo cha mahali, kwa kuwa miji na vijiji vimepangwa kwa vyeo vinne. Hivyo kiwanja kitupu kilichoko mjini, ambacho mtu amekinunua ili akiuze baadaye, kina kodi yake.

Amri-sheria hiyohiyo inatoa msamaha kwa mali, au sehemu ya mali, ambayo mwenyewe anaitumia kwa kilimo au ufugaji peke yake. Majengo ya kutayarishia mazao nayo yanasamehewa, mradi angalau asilimia 80 ya mazao hayo yatoke kwenye shamba la mlipa kodi mwenyewe. Nia yake ni njema: nchi inayohitaji chakula haina sababu ya kutoza jembe. Lakini neno lenye uzito hapo ni "anaitumia". Msamaha ni wa kazi inayofanyika juu ya udongo, si wa udongo wenyewe. Mlima usiolimwa wala kuchungwa haupati haki hiyo kwa sababu tu uko kijijini.

Tangu Katiba ya mwaka wa 2006, kodi hii ni ya mikoa. Kifungu cha 204 kinaitaja waziwazi, pamoja na kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha na ile ya magari. Katika Kivu Kaskazini, kazi ya kuikusanya imekuwa ya Idara Kuu ya Mapato ya mkoa, DGR-NK. Maana yake ni kwamba kila hektari inayosamehewa bila haki inapunguza sanduku la mkoa. Pesa zinazokosekana ndizo zingetengeneza daraja la kijijini au paa la zahanati huko Masisi.

Kuna mlango wa pili. Konsesyo ikiwa kwa jina la kampuni, inaingia pia katika hesabu za kodi ya mapato. Amri-sheria namba 69-009, ya tarehe ileile ya Februari 1969, iliyoongoza kodi hiyo kwa miaka mingi, iliruhusu kuondoa kwenye mapato gharama zilizotumika ili kuyapata na kuyalinda: mishahara ya wachungaji, dawa za mifugo, matengenezo ya ua, riba ya mkopo. Kwa shamba linalozaa, hiyo ni haki kamili. Kwa mlima uliolala, gharama hizo hazileti mapato yoyote leo. Zinalinda bei ya kesho. Kampuni yenye duka au depo mjini inaweza kujaribiwa kuzibandika kwenye hesabu za duka, kodi ya duka ikapungua kwa ajili ya mlima usiozaa. Mkaguzi asiyefika Masisi hawezi kuona tofauti.

Nchi nyingine zimeandika jambo hili bila kuficha. Nchini Marekani, aliyenunua ardhi tupu kama uwekezaji anaweza kuondoa riba ya mkopo wake, lakini kwa kiasi kisichozidi mapato yake ya uwekezaji. Au anaweza kuchagua kujumlisha kodi na riba kwenye bei aliyonunulia, ili siku ya kuuza faida inayotozwa iwe ndogo. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa kanuni hiyo, lakini serikali inajua kwamba ardhi ile inangojea bei, wala haimwiti mwenyewe mkulima. Shida ya Kongo ni nyingine: udongo unaongojea bei umevalishwa nguo ya shamba.

Faili mbili zisizosomana

Sheria ya udongo nayo ina neno lake. Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka wa 1980, inasema udongo ni mali ya serikali na hauwezi kuuzwa. Mtu hupewa konsesyo: ya kudumu kwa raia wa Kongo, au ya kawaida, isiyozidi miaka 25 lakini inayoweza kurudiwa. Wanaosema "nimenunua mlima" wamenunua haki hiyo pamoja na vilivyo juu yake.

Haki hiyo ina sharti la kuendeleza. Kwa udongo wa kijijini, mwombaji huanza na mkataba wa muda, na cheti cha uandikishaji hufuata baada ya kuhakikishwa kwamba kazi imefanyika. Sheria imetoa hata kipimo. Udongo wa kilimo hauhesabiwi kuwa umeendelezwa kama mazao hayajafunika angalau nusu yake. Kwa ufugaji pia ni nusu, tena malisho yawe yamepandwa au kutunzwa, na mifugo iwepo. Majani yaliyojiotea hayatoshi.

Tuchukue mfano wa kufikiria. Mtu ana konsesyo ya hektari 400. Ng'ombe wake wanachunga kwenye hektari 60, na hektari 20 zina mazao. Zinazobaki, 320, zimelala. Kwa kipimo cha nusu, alipaswa kuendeleza 200. Ameendeleza 80, kwa hiyo amepungukiwa na 120. Mbele ya ofisi ya ardhi, konsesyo yake iko hatarini. Mbele ya ofisi ya kodi, hektari 80 ndizo zinazostahili msamaha, na zile 320 zinaweza kudaiwa. Lakini faili ikiandikwa "shamba la mifugo", bila mtu kufika kupima, maneno hayo matatu yanafunika hektari zote 400.

Hapo ndipo tundu lilipo. Ofisi ya ardhi inashika cheti, ramani na mipaka. Ofisi ya kodi inashika tangazo la mlipa kodi. Ofisi ya kilimo ndiyo yenye kujua nani analima nini. Faili hizo tatu zisiposomana, mtu yuleyule anaweza kuwa mfugaji mkubwa siku ya kodi na mwenye mlima mtupu siku ya kutafuta mnunuzi.

Neno "tupu" lilianza zamani

Wakaaji wa Masisi na Walikale wana sababu ya kuliogopa neno "ardhi tupu". Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa Leopold wa Pili ulitoa amri iliyosema kwamba ardhi tupu ni ya serikali. Nani alipima utupu huo? Si mwenye mtego msituni, wala mama aliyeliacha shamba lipumzike misimu kadhaa. Palipokosekana nyumba na jembe, palihesabiwa kuwa hapana mwenyewe.

Mwaka wa 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, iliyopewa uwezo mkubwa wa kugawa udongo wa Kivu kwa walowezi na makampuni. Kati ya mwaka wa 1937 na 1955, mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda ulileta maelfu ya familia kutoka Rwanda, nyingi zikawekwa Gishari, upande wa Masisi, na mikono mingi ikapatikana kwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru, sheria inayojulikana kwa jina la Bakajika, ya mwaka wa 1966, ilirudisha udongo mikononi mwa serikali. Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, na mashamba ya wageni yakagawiwa Wazairwa, mara nyingi watu walio karibu na mamlaka. Mlowezi aliondoka, ua ulibaki.

Sheria ya 1973 ilikamilisha kazi hiyo. Vifungu vya 387 hadi 389 vilifanya udongo unaokaliwa na jamii za wenyeji kuwa wa serikali, na vikaahidi kwamba haki zao zitapangwa kwa amri ya rais. Miongo ikapita amri hiyo haijatolewa. Mkulima wa kijijini akabaki na neno la mwami na ushuhuda wa majirani. Mwenye pesa na marafiki ofisini akatoka na cheti. Vilipokutana mahakamani, neno la mwami halikuwa na nguvu ya karatasi. Kuna nyakati ambapo mashefu wenyewe walitia sahihi, wakipokea pesa au ng'ombe kwa udongo ambao watu wao walikuwa wanaukalia.

Tarehe 20 Machi 1993, mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, katika teritware ya Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu ya watu walipoteza maisha. Udongo haukuwa sababu peke yake: ulikuwemo ugomvi wa uraia, wa viti vya mashefu na wa siasa za mwisho wa utawala wa Mobutu. Lakini haukukosekana, na tangu wakati ule kila vita vimehamisha mashamba kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Ndiyo sababu swali la kodi, linaloonekana kuwa dogo mbele ya bunduki, lina uzito hapa. Mlima ambao ni rahisi kuushika bila kuutumia ni mlima ambao watu wataendelea kuugombea.

Nani anabeba gharama ya kungoja

Familia isiyo na udongo wa kutosha haikai bila kulima kwa sababu jirani ana cheti. Inakwenda kumwona kapita wa shamba. Anaipa kipande kwa msimu mmoja, na inalipa kwa pesa, kwa sehemu ya mavuno, au kwa siku za kazi bila mshahara, zile ambazo wengi Masisi wanaziita bado salongo. Msimu ukiisha, kipande kinaweza kurudi kwa ng'ombe, tena kikiwa kimelimwa na kusafishwa. Mwenye konsesyo amepata mlima ulioendelezwa kwa jasho la mwingine, na akitaka anaweza kuuonyesha mbele ya ofisi kuwa ni kazi yake.

Kwa hesabu kamili, mkulima huyo analipa zaidi ya mara moja. Analipa kwa kapita, bila risiti. Analipa ushuru wa soko anapopeleka maharagwe. Analipa kwenye vizuizi vya barabara. Na mahali pengi pa Masisi na Walikale makundi yenye silaha yamekuwa yakikusanya pesa nyumba kwa nyumba kwa jina la "lala salama". Hakuna msamaha wa kilimo unaomfikia yeye, ingawa ndiye anayeshika jembe. Msamaha umeandikwa kwa mwenyewe anayeitumia mali yake, na yeye si mwenyewe kwa karatasi. Sheria iliyotaka kulinda jembe imeishia kulinda cheti.

Walikale: msitu si udongo mtupu

Walikale haifanani na Masisi. Masisi ina karibu kilomita za mraba 4,700, milima mingi, watu wengi na malisho ya zamani. Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, sekta mbili tu, Wanianga na Bakano, na sehemu kubwa yake ni msitu. Kule Masisi, mlima mtupu unaonekana kwa macho. Kule Walikale, mgeni anaweza kuona utupu pasipo na utupu.

Mkulima wa msituni analima kipande, kisha anakilaza kwa miaka ili kipate nguvu tena. Wakati huo kinatoa kuni, miti ya kujengea, uyoga, dawa na nyama. Kodi itakayotoza "udongo usiolimwa" bila kuuliza zaidi itamtoza huyo kwanza, au itawapa wengine sababu ya kusema kwamba ameuacha. Hilo lingekuwa kurudia amri ya 1885 kwa kalamu mpya.

Sheria ina ngao moja kwa ajili yake. Tangu amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014, jamii ya wenyeji inaweza kuomba konsesyo ya msitu wa jamii, hadi hektari 50,000, bila malipo na kwa muda usio na mwisho. Jamii kadhaa za Walikale zimekwisha kuchukua njia hiyo. Hapo utupu hauhesabiwi kwa jembe: mpango wa jamii unaweza kusema sehemu hii ni ya kulima, hii ya kuwinda, hii isiguswe, na zote zinahesabiwa kuwa zinatumika.

Walikale inatoa pia funzo kutoka upande wa madini. Katika Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, mwenye kibali analipa haki ya eneo kila mwaka kwa kila mraba wa hektari 84.955, awe anachimba au halali tu juu yake. Asipolipa, au asipoanza kazi katika muda uliowekwa, anaweza kupoteza kibali. Sheria hiyo inavunjwa mara nyingi, lakini wazo lake ni wazi: kushika eneo kuna bei yake. Na mgawo wa mrabaha umeandikwa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa sekta au sheferi ambamo madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ndiyo sababu wakaaji wa sekta ya Wanianga, kwenye mgodi wa bati wa Bisie, wana namba ya kudai mbele ya kampuni na mbele ya mkoa. Wakaaji wa sheferi ya Bashali au ya Bahunde, wanaozungukwa na malisho makubwa, hawana namba kama hiyo.

Udongo uliolazwa na vita

Ugumu mkubwa wa leo ni huu: kwenye karatasi, mlima ulioachwa kwa kungojea bei na shamba lililoachwa kwa kukimbia risasi vinafanana. Vyote havilimwi.

Waasi wa M23 walirudi vitani mwishoni mwa 2021. Rubaya, na coltan yake, iliingia mikononi mwao mwishoni mwa Aprili 2024. Masisi-kati ilifuata mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huohuo, na Walikale-kati tarehe 19 Machi 2025, kabla hawajaondoka huko mwanzoni mwa Aprili. Kila hatua iliondoa watu mashambani. Kisha, Februari 2025, kambi za pembeni mwa Goma zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao. Wapo waliokuta shamba limekuwa pori, na wapo waliokuta mtu mwingine ndani yake. Hakuna haki katika kumdai mtu wa namna hiyo kodi ya kutolima.

Wenye konsesyo kubwa nao wana la kusema. Ng'ombe waliibwa au kuuawa, wachungaji walikimbia, nyumba zilichomwa. Sheria yenyewe inakubali kwamba jambo lililo nje ya uwezo wa mtu linaweza kumwondolea lawama ya kutoendeleza. Lakini vita visiwe blanketi la kufunika usingizi wa zamani. Swali la haki ni rahisi kuliuliza: kabla ya vita kufika, mlima huu ulikuwa unatumika kwa kiasi gani? Hesabu za ng'ombe, risiti za dawa, orodha za wafanyakazi na ushuhuda wa kijiji vinaweza kulijibu.

Kuna swali la pili: nani anapokea? Tangu Januari 2025 ofisi zilizoko Goma haziko chini ya Kinshasa, na serikali ya mkoa inayotambuliwa na Kinshasa imehamia Beni. Waasi wana ukusanyaji wao wa pesa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika Desemba 2024 kwamba biashara ya coltan ya Rubaya ilikuwa inawapa angalau dola 800,000 kwa mwezi. Mwenye shamba anayelipa upande mmoja anaweza kudaiwa tena na upande mwingine. Karatasi yoyote ya udongo inayotolewa na mamlaka ambayo Kinshasa haiyatambui itaulizwa siku moja mahakamani. Katika hali hiyo, mwenye nguvu ananunua milima kwa bei ya woga, na akishaipata, ni rahisi kwake kuilaza tu.

Kipimo gani kingefaa

Majirani wamejaribu njia zao. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999, inatoa hati ya muda yenye masharti ya kuendeleza na kodi ya pango ya kila mwaka. Anayevunja masharti anaweza kufutiwa hati na Rais. Rwanda, kwa sheria yake ya mwaka wa 2018, iliweka nyongeza ya asilimia 100 juu ya kodi ya kawaida kwa kiwanja kisichoendelezwa. Njia hizo zina makosa yake, na maskini anaweza kuumizwa nazo. Lakini zote mbili zinategemea kitu ambacho Masisi na Walikale hazina: daftari linalojua kila kipande ni cha nani, na mtumishi anayeweza kwenda kukiona.

Kwa Kivu Kaskazini, hatua za kwanza hazihitaji sheria mpya. Msamaha wa kilimo uliopo ungeweza kutolewa kwa anayeonyesha kazi, si kwa anayetangaza tu, na kwa hektari zinazotumika peke yake. Kile kipimo cha nusu kilichomo katika sheria ya 1973 kingeweza kuwa kipimo kimoja kwa ofisi ya ardhi na ofisi ya kodi. Konsesyo kubwa zingekaguliwa kwanza, kwa kuwa ni chache na mipaka yake imechorwa tayari. Mashamba madogo ya familia yangeachwa nje kabisa: kumtuma mkaguzi kwa mwenye nusu hektari kunaweza kugharimu kuliko kodi yenyewe, na ni njia rahisi ya kumfungulia mla rushwa mlango.

Hatua nyingine zinahitaji uamuzi wa kisiasa. Aliyekimbia vita apewe muda wa kurudi kabla ya shamba lake kuhesabiwa kuwa limeachwa, na muda huo uandikwe. Mashamba yanayolazwa ili udongo upumzike, na misitu ya jamii, yatambuliwe kuwa yanatumika. Mkulima anayelima kipande cha mwenye konsesyo apewe mkataba na risiti, ili kazi yake isihesabiwe kwa jina la mwingine. Na sehemu ya kodi ya milima iliyolala irudi kwenye sheferi au sekta yenyewe, kama inavyofanywa kwa madini. Kijiji kinachojua kwamba hektari 320 zina deni kwa zahanati yake kitakuwa mkaguzi wa kwanza, tena bila mshahara.

Wapinzani wa kodi ya namna hii wana hoja moja yenye nguvu. Katika mkoa ambamo kila mwenye bunduki anatoza, kuongeza jina lingine la kodi ni kuongeza kizuizi kingine barabarani. Hofu hiyo ni ya kweli. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni daftari, na kodi ifuate nyuma: orodha ya konsesyo kubwa, ukubwa wake, jina la mwenye cheti, tarehe ya cheti, na kiasi kinachotumika, ikiwa wazi kwa mwami, kwa shirika la kiraia na kwa mkaaji yeyote. Orodha haimtozi mtu kitu. Lakini inawafanya watu wajue nani anasamehewa nini.

Mazungumzo ya amani, yawe ya Doha, Washington au Kinshasa, hugusa askari, mipaka na madini. Hektari za Masisi hazitajwi sana mezani. Waliorudi kutoka kambini watajua kama amani imefika kwa namna nyingine: kama watapata mahali pa kupanda maharagwe msimu ujao, kwa masharti gani, na mbele ya kapita wa nani.